Safari ya Kielelezo: Kutoka Mikumi Hadi Mahakama ya Rufani

Wasikilizaji wa Kilosa mjini, wa Kimamba, wa Kidodi na wa Mikumi, maneno niliyokuja nayo jioni ya leo yanagusa njia mnazopita kila siku na mahakama mnazoziona kwa macho yenu.

Pana jambo linalozungumzwa sana barazani na sokoni, nalo ni kwamba mtu hukamatwa kando ya hifadhi akiwa, kama isemwavyo, na nyara za Serikali, akashitakiwa, akatiwa hatiani, akafungwa miaka 20, na baada ya miaka kadha kupita, watoto wake wamekwisha kukua na shamba lake limekwisha kuota msitu, majaji wa rufani huifuta hukumu na kumwachia huru. Ndipo watu wanapotikisa vichwa wakasema kwamba sheria imemponyosha mhalifu kwa ajili ya kasoro ya karatasi. Nimekuja kuyapinga maneno hayo, si kwa kuwatetea majangili, ambao madhara yao nitayataja sasa hivi, bali kwa sababu nina yakini kwamba aghalabu hiyo inayoitwa kasoro ya karatasi ndiyo kiini chenyewe cha ushahidi: ni kutojulikana kama kitu kilichowekwa mbele ya hakimu ndicho kile kilichotwaliwa porini, na kama hicho kilichotwaliwa porini ndicho hasa kinachodaiwa kuwa.

Madhara ya ujangili hayana haja ya kutiwa chumvi. Hifadhi ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964, ina eneo la kilomita za mraba 3,230, imekatwa na barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, na kwa upande wa kusini inapakana na nchi ya Selous, hata tembo wa huku na wa kule ni kundi moja. Hesabu iliyofanywa kwa ndege mwaka 1976 ilikuta katika nchi hiyo yote tembo 109,419. Hesabu ya mwaka 2013 ikakuta 13,084. Mwenye kuzisikia tarakimu hizi hatastaajabu kuona Bunge limeweka adhabu nzito. Na ilmu ya maabara nayo ilitoa msaada mkubwa katika kuufichua msiba huo, kwani mwaka 2015 Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walitangaza matokeo ya kulinganisha vinasaba vya meno ya tembo yaliyokamatwa bandarini sehemu mbalimbali za dunia na vinasaba vya kinyesi cha tembo kilichokusanywa pande nyingi za Afrika, na ikabainika kwamba sehemu kubwa ya meno ya tembo wa nyika ilitoka kusini-mashariki ya Tanzania na kaskazini ya Msumbiji. Kazi hiyo iliaminika kwa sababu kila sampuli ilijulikana imetoka wapi, nani aliichukua, ilipimwa kwa njia gani, na mwanachuoni yeyote mwenye shaka aliweza kuuliza na kujibiwa. Masharti hayohayo ndiyo ninayoyataka kwa mtu aliyesimama kizimbani Kilosa, wala sitaki zaidi.

Sasa tazameni mambo yanavyokwenda pale ambapo kilichokamatwa si pembe bali ni nyama. Askari wa hifadhi anamkuta mtu njiani, usiku au alfajiri, na kiroba cha nyama iliyokaushwa kwa moshi, haina kichwa, haina ngozi, haina kwato wala mkia. Askari anasema ni nyati. Mtu anasema ni ng'ombe, au anasema kiroba si chake. Na wilaya ya Kilosa, kama mjuavyo, ni wilaya ya wakulima na wafugaji pamoja, ng'ombe ni wengi, na nyama ya ng'ombe iliyokaushwa si kitu cha ajabu mkononi mwa msafiri. Ataitwa mhifadhi mwenye uzoefu, ataitazama rangi yake, ataishika nyuzi zake, pengine ataunusa mnofu, kisha ataandika katika cheti kwamba hii ni nyama ya nyati. Siudharau uzoefu wa watu hao, ambao wengine wamelala porini nusu ya umri wao. Lakini moshi na jua hubadilisha rangi, chumvi hubadilisha harufu, na kipande kilichokatwa kwa panga hakina alama ya mnyama aliyekitoa. Maabara inaweza kutofautisha nyati na ng'ombe kwa vinasaba pasi na shaka. Kenya, kwa mfano, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilifungua maabara yake Nairobi mwaka 2015 kwa kazi ya namna hiyo. Basi kumfunga mtu miaka mingi kwa kutegemea jicho peke yake, ilhali kipimo kipo duniani, ni jambo ambalo nafsi yangu hailikubali.

Wala hapo si mwisho. Nyama huoza. Kesi itasikizwa baada ya miezi, na hakuna atakayeweka kiroba cha nyama stoo ya polisi kwa muda huo. Kwa hiyo sheria imeruhusu kielelezo chenye kuharibika kipelekwe kwa hakimu, kiandikwe katika fomu, kisha kiteketezwe kwa amri yake, na siku ya kesi itakapofika, kitakacholetwa mahakamani ni fomu ile. Amri za Jumla za Polisi, namba 229, zimetia hadhari hapo: kielelezo kipelekwe kwa hakimu pamoja na mahabusu mwenyewe, ili hakimu akione, na pale inapowezekana kipigwe picha kabla ya kuteketezwa. Watu wengi wamefungwa kwa fomu zilizoandikwa bila wao kuwapo. Mwaka 2019, katika rufaa ya jinai namba 385 ya mwaka 2017, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwa uwazi kwamba mshtakiwa ana haki ya kuwapo mbele ya hakimu huyo na ya kusikizwa kabla ya amri kutolewa, na kwamba fomu iliyopatikana kinyume cha hivyo haiwezi kumtia mtu hatiani. Tafakarini maana yake. Saa ile moja mbele ya hakimu ndiyo saa pekee ambayo mshtakiwa angeweza kuinyoshea kidole ile nyama na kusema, mheshimiwa, hii siyo niliyokutwa nayo, ama hii ni ya ng'ombe, naomba ipimwe. Ikiisha kuteketezwa, hakuna mjuzi wala mtafiti, hata aje na ilmu ya dunia nzima, atakayeweza kuipima tena. Mtu aliyenyimwa saa hiyo amenyimwa utetezi wake wote. Je, hiyo nayo tuiite kasoro ya karatasi?

Kuna na cheti cha uthamini. Thamani huandikwa kwa mnyama mzima, si kwa uzito wa kipande: tembo mmoja huhesabiwa dola za Marekani 15,000, na mwenye mnofu wa nyati hushitakiwa kwa thamani ya nyati kamili, na thamani hiyo ndiyo inayoikuza faini. Kwa hiyo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 imemtaka mwenye kutia saini cheti hicho awe ofisa wa cheo kinachotambuliwa na sheria yenyewe, na Mahakama ya Rufani imepata kuvitupa vyeti vilivyotiwa saini na watu wasio na cheo hicho. Sitakaa sana hapo.

Nitakaa zaidi juu ya safari ya kielelezo, ambayo wanasheria huiita mnyororo wa utunzaji. Katika hukumu ya Paulo Maduka na wenzake, rufaa namba 110 ya mwaka 2007, ambayo hapana wakili nchini asiyeijua, majaji walieleza kwamba sharti kuwe na kumbukumbu iliyoandikwa kwa utaratibu wa tarehe, yenye kuonyesha nani alikikamata kitu, nani alikihifadhi, nani alikipokea kutoka kwake, nani alikichunguza na kilipelekwa wapi baadaye. Mfano wake ni mzigo wa jahazini: nahodha akiupakia Kilwa na kuuteremsha Unguja pasi na hati yoyote, kisha tajiri akadai kwamba furushi hili silo lake, hakuna kadhi atakayeweza kuamua baina yao. Sasa kifuko cha unga kinachodhaniwa kuwa dawa za kulevya kimekamatwa katika basi pale Mikumi, kimelala kituoni usiku mmoja au zaidi, kimepelekwa Kilosa, kisha Morogoro, kisha kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ofisi ambayo asili yake ni maabara iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1895, na huko kimepimwa na mtu hodari kwa chombo kizuri. Hodari huyo ataapa kweli tupu akisema kwamba alichokipima ni heroini. Lakini hajui kama alichokipima ndicho kilichotoka basini. Hilo halimo katika chombo chake, limo katika daftari la askari wa kituo, na daftari likiwa tupu, uhodari wa Mkemia haufai kitu.

Lazima niseme kwa insafu kwamba Mahakama ya Rufani yenyewe imekwisha kuulegeza mnyororo huo kwa vitu visivyobadilika kwa urahisi, na katika rufaa namba 129 ya mwaka 2017 ikasema kwamba meno ya tembo ni katika vitu hivyo, kwani si kitu cha kupita mkono kwa mkono wala cha kuchezewa kwa wepesi. Nawaheshimu majaji hao na naifahamu hoja yao: jino la tembo halifanani na unga wala na noti. Hata hivyo moyo wangu hautulii. Jino la tembo haliwezi kugeuzwa likawa kitu kingine, hilo ni kweli, lakini laweza kugeuzwa likawa la mtu mwingine. Pale ambapo kesi nzima inasimama juu ya neno la askari wawili kwamba mfuko ulitolewa chini ya kitanda cha fulani, na hakuna jirani aliyeshuhudia upekuzi, na hakuna hati iliyotiwa saini papo hapo, swali si kama jino ni jino. Swali ni lilitoka wapi. Namna hiyo ya shaka haiondolewi na ugumu wa pembe.

Wasikilizaji wangu, hatari kubwa ya ushahidi wa kitaalamu ni haiba yake. Shahidi wa kawaida akisema niliona, hakimu atamwuliza kulikuwa na mwanga gani, alikuwa umbali gani, alimtazama kwa muda gani, kama ilivyoagizwa tangu hukumu ya Waziri Amani ya mwaka 1980. Lakini mtaalamu akisema nimepima, watu hunyamaza. Mwaka 1967 Mahakama Kuu ya Kenya ililetewa ushahidi wa mbwa wa polisi aliyefuata harufu hadi kwa washtakiwa, na majaji wakaonya kwamba kabla ya kuupokea ushahidi wa namna hiyo ni lazima ielezwe mbwa alifunzwaje na ni wa kutegemewa kiasi gani, na kwamba kusema mbwa amekwisha kuwakamatisha watu elfu moja si hujja yenye kutosha. Wangapi katika hao elfu walikuwa na hatia, na nani alilithibitisha hilo? Swali hilo la haki aliloulizwa mwenye mbwa, kwa nini asiulizwe daktari, mwenye darubini, mwenye alama za vidole? Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kusema mwaka 1993, katika shauri la Hilda Abel, kwamba mahakama haifungwi na rai ya mtaalamu ikiwa kuna sababu njema ya kuikataa. Ruhusa ipo, inayopungua ni desturi ya kuitumia.

Wala tusidhani kwamba haya ni mapungufu ya nchi maskini. Uingereza mwaka 1975 iliwahukumu kifungo cha maisha watu sita kwa mabomu yaliyoua watu Birmingham mwaka uliotangulia, na moja katika nguzo za kesi ilikuwa kipimo cha kikemia cha mikononi mwao, ambacho mpimaji alikiapia kwamba kinaonyesha waligusa baruti. Ikaja kudhihirika kwamba kipimo kile huweza kuitikia pia vitu vya kawaida, hata rangi ya karata za kuchezea, na watu wale walikuwa wakicheza karata garimoshini. Walikaa gerezani miaka 16, hata Machi 1991. Marekani nayo, mwaka 2015, Shirika la Upelelezi la FBI lilikiri kwamba katika kesi 268 zilizopitiwa upya ambamo wataalamu wake walitoa ushahidi wa kulinganisha nywele dhidi ya washtakiwa, zaidi ya 95 katika kila 100 zilikuwa na maneno yaliyovuka mipaka ya ilmu yenyewe. Na miongoni mwa washtakiwa hao walikuwamo wasiopungua 32 waliohukumiwa kufa. Kwa jirani zetu wa Kenya, baada ya msichana wa Kiingereza, Julie Ward, kuuawa Maasai Mara mwaka 1988, ripoti ya daktari aliyeuchunguza mwili, iliyosema kwamba ulikatwa kwa kitu chenye makali, ilibadilishwa na mkubwa wake ili ionekane kuwa ni kazi ya wanyama. Hapo ilmu haikukosea hata kidogo; kalamu ndiyo iliyokhini, na kesi zilizofuata hazikumpata mwenye hatia.

Turudi kwetu. Katika kesi za makosa ya kujamiiana na za kujeruhi, karatasi yenye kutetemesha ni PF3, fomu ya polisi inayojazwa na daktari. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, katika kifungu kilichojulikana kwa miaka mingi kuwa cha 240, inamlazimisha hakimu amwambie mshtakiwa kwamba ana haki ya kutaka daktari huyo aitwe aulizwe maswali. Na tangu uamuzi wa Robinson Mwanjisi na wenzake wa mwaka 2003 imeimarika kanuni kwamba waraka wowote ukiisha kupokelewa usomwe kwa sauti, mshtakiwa ausikie. Ni kanuni nyepesi mno, na kwa ajili ya kuachwa kwake nyaraka zisizo na idadi zimeondolewa katika kumbukumbu za kesi wakati wa rufaa, kwa maana mshtakiwa asiye na wakili, na pengine asiyejua kusoma, alitakiwa ajitetee dhidi ya maandishi ambayo hakuna mtu aliyemwambia yanasema nini.

Nakiri kwamba ziko rufaa zinazoshinda kwa jambo la utaratibu mtupu, kama idhini ya Mkurugenzi wa Mashtaka kutokuwamo katika jalada, nami hizo sizisemei leo. Katiba yetu, ibara ya 107A, imeziagiza mahakama zitende haki bila ya kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Lakini Katiba hiyohiyo, katika ibara ya 13, imemhesabu kila mshtakiwa kuwa hana kosa mpaka ithibitike, na uthibitisho usiojulikana ulikotoka haujathibitisha kitu. Na yule anayewapenda wanyamapori kwa dhati aitazame hasara ya upande wa pili: tangu uamuzi wa 1966 wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, kesi haisikizwi upya kwa kusudi la kumpa mwendesha mashtaka nafasi ya kuziba mapengo aliyoyaacha mwanzo. Jangili wa kweli aliyeshitakiwa kwa ushahidi mbovu hutoka huru, na asiye na hatia aliyefungwa kwa ushahidi uleule hutoka akiwa amechelewa. Kesi zote mbili zimeharibiwa na uzembe wa siku ya kwanza, pale Mikumi, kiroba kilipofunguliwa.

Kwa hiyo sitaki tutegemee rufaa kuwa ndiyo dawa. Zamani rufaa ya Kilosa ilikuwa ikisikilizwa Dar es Salaam. Tangu mwaka 2021 Mahakama Kuu iko Morogoro katika Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, na hiyo ni neema. Hata hivyo mpaka jalada lichapwe, lisafiri na kufika mbele ya majaji watatu wa Mahakama ya Rufani, mtu ameshakula chakula cha gereza miaka, na hukumu ya kumwachia haimrudishii hata mwezi mmoja. Mwaka 2015 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema kwamba nchi yetu ilikiuka haki ya mtu aliyefungwa miaka 30 bila kupewa msaada wa wakili. Miaka miwili baadaye ikatungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria, ya 2017, nayo ingetumika zaidi kama watu wangejua kuiomba.

Basi ikiwa ndugu yako amekamatwa, mwambie maneno haya kabla ya siku ya kesi. Kikipelekwa kitu kwa hakimu ili kiteketezwe, aombe kuwapo, na akiwapo aseme analolisema, naye aombe liandikwe. Cheti kikitolewa mahakamani, aulize nani alikitia saini, ana cheo gani, na alitambuaje. Waraka ukipokelewa, aombe usomwe. Daktari au Mkemia asipofika, aseme kwamba anataka aitwe. Na ikiwa ametiwa hatiani, notisi ya nia ya kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu sharti itolewe ndani ya siku 10, na hati yenyewe ya rufaa ndani ya siku 45, siku za kungojea nakala ya hukumu zikitolewa katika hesabu. Kutoka hapo kwenda Mahakama ya Rufani notisi ni ya siku 30. Naye mfungwa anaweza kuvikabidhi vyote hivyo kwa mkuu wa gereza, ambaye sheria imemlazimisha avifikishe.